Raba ya Sukari

Mtu anayelaumu raketi yake mbele za watu ni papai lililoiva. Huna haja ya kupanda wala kurusha jiwe. Simama tu chini yake, kinga mikono.

Siku ile Mtelezo alikuwa ameingia kwenye ukumbi wa mpira wa meza kukwepa mvua. Hakuwa na nia mbaya, ikiwa kweli ipo saa ambayo Mtelezo hana nia mbaya. Kwapani alibana begi la ngozi lenye kitana, shati la pili na kadi za biashara za watu wengine. Jina la Mtelezo alipewa na watu waliowahi kumkamata wakabaki na koti mkononi. Yeye mwenyewe alijitambulisha kwa cheo chochote kilichohitajika mahali alipo: juma lililopita alikuwa mkaguzi wa mizani, na la kabla yake, mshauri wa ndoa.

Mezani walisimama watu wawili. Upande mmoja alikuwapo Tajiri wa Pikipiki, bonge la mtu, shingo yake ina mikunjo kama pazia, mwenye lile duka kubwa ng'ambo ya barabara na kapteni wa klabu. Upande wa pili alikuwapo shemeji yake, kaka wa mkewe, mng'oa meno wa zahanati ya jirani, mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Huyu hakuwa hata na adabu ya kuvua koti lake jeupe la kazini. Alikuwa anamfunga mwenzake wakati wa mapumziko ya chai.

"Kumi kwa tatu," Mng'oa Meno alitangaza, kwa sauti ile ile ya upole anayowaambia wagonjwa kwamba haitauma. "Shemeji, nianzishe kwa huruma au nianzishe kwa haki?"

"Anzisha, acha mdomo!"

Kipira kilikuja polepole, kinajizungusha kama bwana harusi. Tajiri alikifyeka kwa nguvu zote, utadhani anapasua kuni. Kikapita juu ya wavu, juu ya meza, juu ya kichwa cha shemeji, kikagonga saa ya ukutani na kutua ndani ya kikombe cha chai cha mtu ambaye hakuwa amekosea lolote.

"Kumi na moja."

"Raba hii imekufa!" Tajiri alinguruma, akiinua raketi ili dunia nzima ione ngozi ya mpira iliyobandikwa usoni mwake. "Imekufa! Nacheza na maiti hapa!"

"Juma lililopita ilikuwa meza, shemeji," alijibu Mng'oa Meno akifuta miwani. "La juzi ilikuwa viatu. Jumamosi itakuwa nini, mwezi kuandama?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenye kikombe cha chai, akiwa anachovya kidole kuopoa kipira, alimweleza Mtelezo habari yote bila kuombwa, kwa maana katika mji ule habari haikuwahi kuhitaji kuombwa. Jumamosi hao mashemeji wawili walikuwa wanagombea ukapteni. Atakayeshindwa ataokota vipira vya mwenzake mwaka mzima.

"Hebu fikiria," alisema mwenye chai, machozi ya raha yakimlenga. "Mwili ule, magoti chini, unatambaa mvunguni mwa meza!"

Mtelezo hakufikiria mwili. Alikuwa ametazama nje dirishani. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya kioo cha duka la Tajiri, mbele ya pikipiki nyingine thelathini, ilisimama moja nyekundu, inameta kama pilipili iliyooshwa. Kwa miaka kumi na minane Mtelezo alikuwa anatoroka kwa miguu. Visigino vyake vilikuwa vimechakaa kuliko dhamiri yake, ambayo kusema kweli ilikuwa haijatumika sana. Akaipenda pikipiki ile papo hapo, kwa mapenzi safi, ya kwanza maishani mwake.

Akamfuata Tajiri bila haraka. Akamtoa raketi mkononi, akainusa, akaiweka sikioni, akatikisa kichwa kama daktari anayetoka wodini.

"Pole sana, bosi."

"Pole ya nini?"

"Ya msiba. Raba hii ilifariki mwezi uliopita. Wenzako wamekuona unaihangaikia, wamenyamaza."

Tajiri aligeuka polepole kumwangalia shemeji yake. "Nani amenyamaza?"

"Mimi ni mgeni, sitaji mtu. Ila jiulize: anayefaidika ni nani?"

"Wewe ni nani, kwani?"

"Mtaalamu wa raba," alisema Mtelezo, na kwa kuwa alikisema kwanza kabla ya kukifikiria, aliona kabisa kuwa ni cheo kizuri.

Wakakaa kwenye benchi la pembeni, vichwa vimeinamiana. Mtelezo alianza darasa.

"Raba ni za aina mbili, bosi. Iko raba inayopiga kipira, hiyo anayo kila mtu. Halafu iko raba inayokishika kipira, inakiuliza, 'Wewe ulitaka kwenda wapi?' Kikishajibu, inakipeleka kwingine. Hiyo ndiyo raba ya kunata. Mabingwa wanaificha hata kwa mama zao."

"Inauzwa wapi?"

"Haiuzwi."

Tuinamishe vichwa kidogo kwa heshima ya neno hilo. Katika biashara zote za mjini hakuna neno lililowahi kuuza vitu vingi kama "haiuzwi".

"Wewe unayo?" Tajiri alinong'ona.

"Ninayo moja. Na nilikwisha kuapa kwamba nitazikwa nayo."

Lakini Tajiri hakuwa tajiri kwa bahati nasibu. Akajiegemeza ukutani, akafumbata mikono. "Sikiliza, Mtaalamu. Mimi sinunui mbuzi kwenye gunia. Fedha mkononi hupati hata senti. Nikimfunga huyu mwembamba Jumamosi, ingia dukani kwangu uchague..."

"Ile nyekundu."

"Sijamaliza kusema."

"Samahani, bosi. Maliza."

"...uchague unachotaka. Nikifungwa, tutatafutana."

Mtelezo aliomba iandikwe. Tajiri akaandika pale pale, kwenye karatasi yenye nembo ya duka, akapiga muhuri aliokuwa nao mfukoni siku zote kama wengine wanavyobeba leso: *Mwenye karatasi hii apewe pikipiki nyekundu ya dirishani, mara tu nitakapomfunga shemeji yangu Jumamosi hii.* Alitaka kuandika jina la Mtaalamu. Mtelezo akamshika mkono.

"'Mwenye karatasi hii' inatosha, bosi. Sisi wataalamu hatupendi majina yetu yaandikwe-andikwe."

Sasa msimwone Mtelezo mjinga. Alijua kabisa kwamba Tajiri angefungwa Jumamosi, hata akipewa raba iliyoshuka kutoka mbinguni. Lakini karatasi yenye muhuri ni bidhaa. Kilichobaki ni kumpata mtu wa kuinunua kabla ya Jumamosi, na Mtelezo hajawahi kuingia mji usio na mtu wa namna hiyo.

Kwanza, raba. Aliipata kwenye pipa la takataka nyuma ya ukumbi, kuukuu, imelainika na kung'aa kama kisigino cha mwenye nyumba. Akaipeleka kwenye chumba chake cha gesti, akaazima jiko, akachemsha sukari mpaka ikawa uji mzito wa kahawia, akatia mafuta ya nywele na dawa nyekundu ya viatu. Akaupaka kwenye raba. Ilinata vibaya sana. Ilinata mpaka nzi mmoja mzee aliyekuwa anapita tu, na shughuli zake, akaishia hapo.

Alhamisi, ofisini kwa Tajiri, mlango umefungwa, Mtelezo aliibandika raba ile kwenye raketi ya bosi, akaweka kipira juu yake, akakikandamiza kwa kidole gumba, akaigeuza raketi chini juu. Kipira kikaning'inia.

"Hesabu, bosi."

"Moja... mbili... tatu..." Tajiri alihesabu kwa sauti ya mtoto anayehesabu pipi. Kipira kilidondoka kwenye nane. Naye Tajiri karibu adondoke nacho.

"Ya shemeji yako inafika ngapi?"

"Mbili! Nimeiona, haivuki mbili!"

"Basi mimi sisemi zaidi. Sasa masharti. Usiichezee mpaka Jumamosi. Ifunge kwa taulo, ilale kabatini kwenye nguo safi. Na usigombe karibu nayo. Raba ya kunata ina masikio, ukipayuka, inakauka."

Tajiri, ambaye hata salamu aliitoa kama anamwita mtu wa ng'ambo ya mto, alirudi nyumbani ananong'ona. Akanong'ona wakati wa kula. Akamnong'oneza mkewe habari ya Mtaalamu, ya karatasi na ya pikipiki. Akanong'ona hata alipojigonga kidole cha mguu kwenye kitanda, jambo ambalo mkewe hakuwahi kulishuhudia katika miaka kumi na mitano ya ndoa, na ambalo lilimtia wasiwasi kuliko homa.

Mke wa Tajiri alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule na mapazia, akapeleka mzigo kwa wateja kwa miguu, furushi kichwani, akipita kila siku mbele ya pikipiki thelathini na moja za mumewe. Aliomba moja mara ya kwanza, akaomba ya pili, ilipofika ya kumi na moja akaacha kuhesabu.

"Pikipiki ikipandwa inakuwa kuukuu, mama watoto," mumewe alimwambia.

"Na mke akitembea juani?"

"Wewe huuzwi."

Alikuwa anadhani amemsifia.

Ijumaa asubuhi, baada ya mumewe kunyata kwenda kazini, mama huyu aliona sisimizi. Walikuwa wengi, wamejipanga kwa nidhamu, wanapanda mguu wa kabati kama waombolezaji wenye mwaliko. Akawafuata. Wakamfikisha kwenye taulo. Akafungua taulo, akaitazama raba, akaigusa kwa ncha ya kidole, akaramba.

Sukari. Tena imeungua kidogo.

Alikaa kitandani akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akanyamaza ghafla. Alikuwa amekumbuka yale maneno aliyonong'onezwa: *mwenye karatasi hii*. Siyo Mtaalamu. Mwenye karatasi.

Hapa inabidi mjue jambo ambalo mji mzima ulikuwa umelisahau. Baba yao, huyu mama na Mng'oa Meno, ndiye aliyekuwa mtunza ukumbi ule zamani. Kaka alicheza; dada alibandika. Tangu ana miaka tisa yeye ndiye aliyechagua raba za kaka yake, akazipaka gundi, akazikata, akazifuta baada ya mchezo. Watu waliusifu mkono wa kijana yule mpaka mate yakawakauka, wala hakuna aliyeuliza raba kaitengeneza nani. Na kwa kuwa hakuulizwa, alikwenda zake kushona.

Kwa hiyo alijua vizuri sana kwamba mumewe, kwa mara ya kwanza katika historia ya wanaolaumu raba, alikuwa na haki. Raba yake ya zamani haikuwa imekufa, ilikuwa haimfai. Alinunua ile ya bei kubwa kuliko zote, laini, yenye kurusha. Mtu anayepiga kama anapasua kuni ukimpa raba ya kurusha, kipira hakikai mezani, kinahamia mtaa wa pili. Mkono wa namna ile unataka raba ngumu ya kunata: inameza zile nguvu, inazigeuza mzunguko, kipira kinainama na kushuka.

Akavaa viatu akaenda duka la vifaa vya michezo.

"Nataka raba ya kunata, yenye sponji ngumu."

"Ya mtoto, mama?" aliuliza muuzaji.

"Ya mtoto wa mama mkwe wangu."

Muuzaji akamletea tatu. Ya kwanza aliikunja kidogo akaona kivimbe cha hewa katikati, akairudisha. Ya pili aliibonyeza sponji kwa kidole gumba, kikazama kama kwenye godoro, akairudisha. Ya tatu ilikataa kidole. Akainyanyua ile karatasi ya nailoni inayoifunika, akaipulizia pumzi, akakandamiza kipira, akainua. Kikashika kidogo, mara kikaachia.

"Ninayo inayoshika zaidi ya hiyo, mama. Inafika mpaka tano."

"Kunata siyo kung'ang'ania, mwanangu. Mimi sitafuti mchumba. Nataka inayoshika na kuachia. Nifungie hii."

Nyumbani aliibandua ile raba ya sukari, akawapa sisimizi mali yao huko uani. Akaufuta ubao wa raketi kwa kitambaa chenye unyevu, akauacha ukauke. Akamimina gundi, nyeupe kama maziwa, akaitandaza kwenye sponji kwa kipande cha godoro, nyembamba, bila donge. Hakuipulizia, hakuianika juani. Alisubiri mpaka weupe ukapotea, gundi ikawa haionekani, akapaka mara ya pili, akasubiri tena huku anapiga pindo la sketi. Kisha akailaza raba kuanzia kwenye mpini kwenda juu, akiviringisha chupa juu yake polepole, bila kuivuta, kwa sababu raba iliyovutwa hurudi kwao usiku na kuacha ubao uchi. Mwisho akachukua mkasi wake wa kushonea, ule ambao hata mumewe alikatazwa kuugusa, akaikata kuzunguka ubao kwa mkato mmoja bila kuinua mkono.

Akaifunika nailoni. Taulo lile lile. Kabati lile lile. Sisimizi walibaki kuuliza njia.

Saa tisa alasiri aligonga mlango wa gesti.

Mtelezo alikuwa katika hali mbaya. Karatasi yake haikupata mnunuzi. Mwenye bucha aliisoma, akacheka, akamwita mkewe naye aje acheke. Kinyozi aliomba abaki nayo bure aibandike ukutani, iwafurahishe wateja. Mji ule ulikuwa na wajinga wa kutosha, hilo hapana shaka, lakini hata mmoja hakuwa mjinga wa kuamini kwamba Tajiri angemfunga Mng'oa Meno.

Sasa mlangoni alisimama mwanamke ananyonga ncha ya kanga, macho chini.

"Wewe ndiye Mtaalamu? Mimi ni mke wa Tajiri."

Mtelezo alipima umbali wa dirisha. "Karibu, mama. Kuna ubaya?"

"Hakuna ubaya, kaka. Ni hii karatasi. Mume wangu amekuahidi pikipiki, nami nimemwomba miaka yote hiyo ananinyima. Nikasema niende kwa Mtaalamu, huenda ana huruma. Sina fedha. Lakini ipo baiskeli ya kwetu, ya gia, nzuri sana. Unaonaje tukibadilishana?"

Mtelezo alilazimika kukohoa ili asicheke. Baiskeli ya gia! Kwa karatasi ambayo kinyozi aliitaka kwa ajili ya ukuta!

"Mama," alisema kwa huzuni kubwa, "unaniomba nitoe pikipiki mpya kwa baiskeli?"

"Najua nakuonea, kaka."

"Unanionea sana."

"Basi samahani." Akageuka.

"Ngoja, ngoja! Nani amekufukuza? Kaa. Ina pampu?"

"Ina pampu. Na taa. Na kengele."

"Na kengele," Mtelezo alirudia, ameguswa.

"Ila niambie ukweli, kaka, usinifiche. Mume wangu atashinda?"

"Mama! Asilimia mia moja. Kwa raba ile? Hata angecheza amelala."

Yule mama akainua macho kwa mara ya kwanza. "Sasa kama atashinda, mbona uko tayari kuiacha pikipiki?"

Mtu mwingine angejikwaa hapo. Mtelezo aliinua vidole vyake kumi akavitazama kwa uchungu.

"Mtetemo," alisema. "Mtaalamu wa raba hapandi pikipiki, mama. Mtetemo unaua hisia za vidole. Mimi pikipiki ile ningeitazama tu, nikilia."

"Maskini."

"Ndiyo kazi yetu ilivyo."

Wakakubaliana. Baiskeli ingefika Jumamosi saa nne, nje ya ukumbi, mchezo ukianza. Ndipo karatasi itoke. Alipoondoka, Mtelezo alijitupa kitandani akapiga mateke hewani kwa furaha. Yule mama, kule kwenye ngazi, alikuwa ameuma ncha ya kanga yake ili asisikike.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Watu walikaa madirishani, na wenye vimo vifupi wakabebwa na wenye vimo virefu kwa malipo. Mng'oa Meno aliingia amevaa koti lake jeupe, amemwacha mgonjwa mmoja na pamba mdomoni.

"Shemeji, umekuja na kitambaa cha kuwekea magoti?"

Tajiri hakujibu. Alikuwa anaogopa kuikausha raba.

Nje, kwenye ukuta wa ukumbi, mke wa Tajiri alimkabidhi Mtelezo baiskeli ya bluu yenye gia kumi na nane. Mtelezo akampa karatasi, akapiga kengele mara moja kuijaribu, kisha akachungulia dirishani ili auonje ushindi wake. Tajiri alikuwa anakigusa kipira kwa raketi taratibu, kama anayemwamsha mgonjwa. Seti ya kwanza ikaenda kwa shemeji: kumi na moja kwa mbili. Mtelezo aliitikia kwa kichwa, kama fundi aliyeridhika na kazi yake, akapanda baiskeli akaenda zake akipiga mluzi.

Mama akajipenyeza mpaka benchi la mbele.

"Baba watoto! Mbona unaibembeleza? Piga!"

Tajiri akamnong'oneza kutoka mezani, "Mtaalamu amesema taratibu. Raba inasikia."

"Mtaalamu kaondoka! Piga kama unapasua kuni!"

"Na nikipayuka?"

"Payuka!"

Mtu aliyenyimwa kelele siku mbili ana akiba kubwa. Tajiri alitoa ukelele uliozima redio ya jirani, akakifyeka kipira kwa mwili mzima. Kikaruka juu, kikavuka wavu, watu wakainama kulinda vikombe vyao. Halafu, kule hewani, kana kwamba kimekumbuka kitu, kikainamisha shingo, kikaanguka ukingoni mwa meza na kuchapa kona.

Mng'oa Meno akaitazama raketi yake. "Raba yangu ina nini?" alisema.

Ukumbi ulilipuka. Seti ya pili ikaenda kwa Tajiri, ya tatu ikarudi kwa shemeji, ya nne kwa Tajiri. Ya tano walifika kumi kwa kumi, na yule mama kwenye benchi alikuwa ameikunja karatasi mara nyingi hata ikalingana na kifungo. Alikuwa ameweka rehani kitu kisichokuwa chake. Raba alikuwa ameichagua sawasawa, hilo alilijua; mkono wa mumewe hakuwa ameuchagua kwa kipimo. Kumi na moja kwa kumi. Tajiri akavuta pumzi, akapayuka, akapasua. Kipira kikainama. Mng'oa Meno akakifukuza, akapigana vikumbo na mwenye chai, wakaanguka pamoja.

Kumi na mbili kwa kumi.

Yule mama alikuwa wa kwanza kufika mezani. Hakumkumbatia mumewe. Alimfunulia karatasi puani, mbele ya mashahidi mia moja na hamsini.

Nje ya mji kuna kilima kirefu. Mtelezo alikuwa amefika katikati, ulimi nje, anagombana na gia ya tatu, aliposikia mlio nyuma yake. Pikipiki nyekundu ikampita, ikapunguza mwendo, ikamsubiri. Aliyeipanda alikuwa amefunga kanga kiunoni, na nyuma yake lilikuwa limefungwa furushi la sare za shule.

"Shikamoo, Mtaalamu."

Mtelezo alikanyaga breki zote mbili. "Hiyo... alishinda?"

"Si ulisema asilimia mia moja?"

Mdomo wa Mtelezo ulifunguka, ukafungwa, ukafunguka tena. Kwa miaka kumi na minane mdomo ule haukuwahi kumwangusha. "Kwa raba *ile*?"

"Ile waliimaliza sisimizi. Nilibandika nyingine. Ila mume wangu hajui, anasema wewe ni malaika. Anakutafuta akubusu. Na klabu nzima imepanga foleni, watu arobaini, kila mmoja anataka raba ya Mtaalamu, bei yoyote."

"Arobaini!" Mtelezo aligeuza baiskeli kabla ya kujijua, ikiwa inatazama mjini. Hajawahi kupata watu arobaini katika mji mmoja. "Bei yoyote?"

"Bei yoyote. Nikawaambia umeitwa safari, umeniachia mimi uwakala. Kazi naanza Jumatatu: nachagua, nabandika, naleta mpaka mlangoni." Akapapasa tangi la pikipiki. "Usafiri ninao."

"Lakini ni jina langu! Ni sifa yangu mimi!"

"Ndiyo. Nakushukuru sana."

Mtelezo akajikaza. Bado alikuwa na kitu kimoja mkononi, na mtu mwenye kitu kimoja hajashindwa. Akaunyoosha mgongo, akashika usukani kwa heshima. "Si neno, mama. Nina baiskeli yangu. Mimi ni mtu wa kuridhika."

"Ah, hiyo." Yule mama aliwasha injini. "Hiyo ni ya kaka yangu. Nitamlipa kwa faida ya raba kumi za kwanza, lakini bado sijapata nafasi ya kumweleza. Alitoka ukumbini amekasirika, akaikuta haipo. Kanyaga, Mtaalamu. Kule mbele kuna mteremko."

Akaondoka, vumbi jekundu likimfuata kama pazia jipya. Mtelezo aligeuza kichwa polepole kutazama bondeni. Chini kabisa, mwanzo wa kilima, koti jeupe lilikuwa linapanda kwa kasi, na mkononi mwa mwenye koti kulikuwa na kitu kidogo kinachometameta juani, ambacho kwa umbali ule kilifanana sana na koleo la kung'olea meno.